Alama za Njia

Kwenye mtihani wa hesabu wa KCSE unaweza kukosa jibu na bado ukapata alama. Msahihishaji ana herufi zake: M ni ya njia, A ni ya jibu. Ukifuata njia vizuri, halafu mstari wa mwisho ukajumlisha 7 na 8 ukapata 16, anakupa M, anakunyima A, anafungua ukurasa. Kinyume chake nacho kipo. Ukiandika jibu sahihi likiwa limesimama peke yake kama mnazi katikati ya uwanja wa mpira, atataka kujua umelitoa wapi.

Habari hii nilikuwa nimeisahau. Aliyenikumbusha ni mama yangu, ambaye ana miaka 47, anauza mahamri na mbaazi karibu na steji ya Gede, na yuko kidato cha tatu.

Mtaani wanasema amerudi ngumbaru. Si sawasawa, kwa sababu ngumbaru tunayoijua ni ya kujifunza kusoma na kuandika, na Mama kusoma anajua tangu zamani. Haya yake ni masomo ya sekondari kwa watu wazima. Wanakutana saa kumi jioni mpaka giza linapoanza kuingia, kwenye darasa la kuazima la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanagonga ubao. Wako 11. Kuna jamaa wa bodaboda, kuna askari wa usiku anayelinda nyumba za wageni Watamu na huja na sare kabisa ili aondokee hapo hapo, kuna dada anayefulia watu. Mwalimu wao ni kijana, mdogo kuliko karibu wote, nao wanamwita "mwalimu" kwa adabu ambayo mimi sikuwahi kumwonyesha profesa yeyote. Siku zikifika watajiandikisha kama watahiniwa wa kibinafsi. Wana haraka pia: mfumo wa 8-4-4 unafungwa, kundi la mwisho la mashuleni linafanya KCSE mwaka 2027, na Mama anasema hataki kubaki stejini gari la mwisho likiondoka.

Aliacha shule mwaka 1995 akiwa kidato cha pili. Karo iliisha, halafu mambo mengine yakafuata, mojawapo ni dada yangu. Anachokumbuka kuhusu muhula wake wa mwisho ni ubao: herufi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuingia kwenye hesabu. "Mimi nilitoka eksi ikiingia," husema, na hucheka mwenyewe.

Kila mtu anamuuliza swali moja. Itakusaidia nini? Shangazi ameuliza, jirani ameuliza, wateja wameuliza midomo imejaa mahamri. Halafu kuna sisi tunaojiona tuna busara zaidi, tunaosema: Mama, wewe huna haja ya aljebra, aljebra unaifanya kila siku. Unga kilo kadhaa, sukari, mafuta, tui, utoe mahamri mangapi, uuze mangapi ndipo uanze kuona faida. Si hiyo ndiyo kutafuta kisichojulikana? Nilimwambia hivyo nikidhani nampa heshima. Aliniangalia kama ninayemrudishia chenji pungufu. "Hiyo ni hesabu ya pesa, naijua. Sikwenda shule kuambiwa ninachokijua. Nimeenda kwa kile nisichokijua."

Tangu siku hiyo nimeanza kuyachukia yale maandishi ya mtandaoni yanayosema mama mboga ni profesa asiye na digrii. Unamsifu mtu ili abaki pale pale alipo.

Kenya tumewahi kumpenda mwanafunzi mzee. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 kule Eldoret akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo ya shule za msingi. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Aliingia kwenye rekodi za Guinness, akapelekwa New York kuzungumza Umoja wa Mataifa, akatengenezewa filamu. Lakini Maruge alikuwa ajabu, na ajabu hupigwa picha. Mtu wa miaka 47 anayehangaika na milinganyo ya kipeo cha pili si ajabu wala si mtoto. Ana tu watu wanaouliza itakusaidia nini.

Sasa mimi. Nikiulizwa kazi nasema ni mwandishi wa kujitegemea, na nusu yake ni kweli. Makala kama hii ndiyo hiyo nusu. Nusu inayolipa kodi ya nyumba ni nyingine. Kuna wanafunzi Marekani na Uingereza wasiotaka kuandika insha zao, na kuna vijana huku Kenya, wengi kweli, wanaoziandika usiku kwa malipo. Ukiwa na laptopu na bando, tayari umeajiriwa. Nimeandika kuhusu maadili ya uuguzi. Nimeandika kuhusu sera ya makazi ya mji ambao siwezi kukuonyesha kwenye ramani. Nimepata alama nzuri sana katika vyuo ambavyo sitawahi kuvikanyaga.

Chuo changu mwenyewe niliacha mwaka wa tatu. Sikufukuzwa, wala sikukosa karo. Nilianza kuwaandikia watu ili nijikimu, kazi ikanoga, nikaanza kukosa darasa, na siku moja nikagundua kwamba simjui kwa sura mhadhiri wa somo langu. Nyumbani nilisema nimeahirisha. Neno hilo nililichagua kwa makini, kwa sababu kuahirisha kuna kurudi ndani yake. Kwa miaka miwili Mama alikuwa akisema "ukirudi chuo," nami nilikuwa nikiitikia "Mungu akipenda."

Usiku mmoja akaniletea daftari. Swali lilikuwa hili: x² + 10x = 39. Nilikuwa na insha ya mtu wa Ohio iliyotakiwa kabla ya alfajiri, kwa hiyo nilifanya ambacho wewe pia ungefanya. Nilipiga picha, programu ya simu ikafikiri sekunde mbili, nikamwambia, Mama, andika 3. Akaandika 3. Kesho yake daftari lilirudi na wino mwekundu: Njia iko wapi? Alirudi nyumbani amekasirika, na hakumkasirikia mwalimu. "Umenipeleka pale mbele mikono mitupu. Naulizwa umelitoa wapi, nasema kwa mwanangu."

Nikakaa naye. Mimi hesabu ya KCSE nilipata B, na kukamilisha mraba nakujua. Nusu ya 10 ni 5, 5 mara 5 ni 25, ongeza pande zote mbili, 39 na 25 ni 64, kipeuo chake cha pili ni 8, toa 5, baki 3. Niliimba vile ninavyoimba namba yangu ya simu. Mama akaweka kalamu chini.

"Kwa nini nusu?"

Nikasema ndiyo kanuni.

"Kanuni ya nani?"

Sikujua kwa nini nusu. Nilipata B bila kujua kwa nini nusu.

Insha ya Ohio ilichelewa. Nilikesha nikisoma, nikakuta kwamba swali hilo hilo, 10 ile ile na 39 ile ile, ni la mtu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad mnamo mwaka 820. Neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake: al-jabr, ambalo kwa Kiarabu ni kurudishia, na ndilo pia la kuunga mfupa uliovunjika. (Algorithimu, hiyo inayokuchagulia video mpaka usiku wa manane, imetokana na jina lake yeye.) Kitabu hakina herufi eksi hata moja. Ni maneno matupu, na sehemu yake kubwa ni hesabu za mirathi: fulani amekufa, ameacha mke na wana na deni, nani apate ngapi. Kilichonigusa ni kwamba akishatoa kanuni haachi hapo. Anachora, ili uone kanuni imetoka wapi.

Asubuhi, mahamri yalipokwisha, nilichora uani kwa kijiti. Chukua shamba la mraba ambalo hujui upande wake una hatua ngapi. Huo upande uite eksi. Liongezee kipande chenye upana wa hatua 10 na urefu sawa na wa shamba. Eneo lote pamoja ni 39. Sasa kile kipande kipasue katikati kwa urefu, upate viwili vya upana wa 5. Kimoja kibandike kulia kwa shamba, kingine kibandike chini yake. Tazama ulichonacho: umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja haipo. Kona hiyo ni 5 kwa 5. Ndiyo 25 yenyewe. Ijaze, na shamba zima ni 64, upande wake 8. Toa zile 5 ulizobandika, baki 3.

Kwa nini nusu? Kwa sababu unabandika pande mbili. Basi.

Mama alisimama akiitazama kona kwa muda. "Kumbe ni kona," alisema, akaikanyaga kwa kisigino. Nami nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, na nina miaka 26.

Jioni alirudi na jipya. Mwalimu amesema kuna jibu la pili: hasi 13. Al-Khwarizmi hilo hakulihesabu, manake shamba halina upande wa hasi 13, na yeye alikuwa na mashamba. Lakini ukijaribu linakubali: hasi 13 mara yenyewe ni 169, ukiitoa ile 130 unabaki na 39. Swali la Mama likawa lile ambalo kila mtoto huliuliza mara moja halafu hunyamazishwa. Hasi mara hasi, chanya imetoka wapi?

Hili nilikuwa nimejiandaa nalo. Kule India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za hasi na chanya akiziita madeni na mali. Nikatumia lugha yake. Tuseme una madeni matatu dukani, shilingi 50 kila moja. Mwenye duka anayafuta yote matatu. Deni ni hasi, kufuta ni hasi. Umetoka na nini? 150.

"Sijatoka na kitu," alisema Mama. "Mfuko ni ule ule."

"Lakini hali yako imepanda kwa 150."

Alifikiri sana. "Kwa daftari, sawa. Nimekubali. Lakini aliyesamehewa hapiti mbele ya duka kama aliyelipa. Yule wa kusamehewa ndiye anayesalimia kwanza, kila siku."

Nilikaa kimya, na ili uelewe kwa nini, lazima nikwambie habari ya minazi. Kwetu mnazi unaweza kuwa mali mbali na ardhi uliposimama. Unaweza kuuweka rehani: mwenye pesa anakukopesha, anaangua nazi zako mpaka utakapomrudishia chake. Mama aliweka rehani minazi minane nilipoingia chuo. Kila miezi miwili mitatu kijana wa jirani bado anapanda, nami nikiwa ndani nasikia nazi zikidondoka, puu, puu, na huwa naongeza sauti ya muziki nisije nikazihesabu.

Wakati huo nilikuwa nimeshajitungia faraja. Nilijiambia: wateja wangu wana A bila M, jibu bila njia. Mimi nina M bila A, kwa sababu nilisoma kweli miaka miwili na kitu, ingawa sikufika. Basi kati yetu mwenye kitu ni mimi. Unaona ilivyo tamu. Ingeweza kuwa ndiyo makala hii, tukaishia hapo.

Lakini hebu iangalie. Hiyo A wanayo kwa sababu mimi nimewauzia. Wenzangu wa kazi wana hoja zao, na si hoja za kipuuzi: anayedanganya ni mwanafunzi, sisi ni vibarua, pesa hii imenunua dawa za wazazi wetu, na vyuo vyenyewe vya kule bei yake ni kama ya nyumba, sasa mtakatifu ni nani? Siku hizi mashine inaandika yote hayo bure, tumebaki wa kusafisha tu. Sina la kuwanyamazisha. Na nisikudanganye, sijaacha kabisa, mwezi uliopita niliandika mbili. Wala silaumu mashine. KCSE yenyewe, karatasi ya pili ya hesabu inaruhusu kikokotoo, na bado inataka njia.

Faraja yangu ilivunjikia mahali pengine. M haitolewi kwa njia uliyoipita. Inatolewa kwa njia uliyoiandika. Ukifanya kichwani ukakosea, msahihishaji hana cha kukupa, hata kama ulitoka jasho saa nzima. Zamani nilidhani mistari ile ni ya kuthibitisha kwamba ulifanya kazi, kama kusaini kitabu asubuhi ukifika kiwandani. Sasa naona ni zaidi ya hapo. Mistari ipo ili mtu mwingine aweze kupita ulipopita na aweke kidole: hapa. Ukimwonyesha mtu njia yako umempa nafasi ya kukukosoa, na umempa makusudi. Ukimletea jibu peke yake, hata likiwa sahihi, umemwambia chukua au acha. "Nimeahirisha" lilikuwa jibu la namna hiyo. Nililileta limefungwa, na mama wa watu akalipokea kama lilivyo.

Hapa kwetu tuna mji mzima wa namna hiyo. Magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, yana msikiti mkuu, jumba la kifalme, visima, nyumba ambazo ndani yake vilipatikana vyombo vya kauri kutoka China. Kuna kaburi lenye tarehe, 802 Hijria. Darasa la Mama walipewa kuigeuza: 802 gawa kwa 33, unachopata kitoe kwenye 802, kisha ongeza 622. Inatoka 1399 na kitu, na 1399 ndio mwaka wenyewe. Mama aliipata mara ya kwanza na akatembea siku mbili kama aliyelichonga kaburi hilo yeye. Lakini kwa nini watu waliuhama mji, kila anayetembeza watalii ana lake: visima vilikauka, walivamiwa, maradhi. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima na hawakuutaja. Jibu lipo, limesimama katikati ya miti, kima wanalirukia. Mistari iliyolileta haipo. Kwa mgeni aliyelipa tikiti inapendeza hivyo. Kukaa nyumba moja na mtu wa hivyo ni kitu kingine, na Mama alikuwa amekaa naye miaka miwili.

Nilimwambia Jumapili, akichagua mbaazi. Sikusema vizuri. Nilianzia mbali, mambo ya mfumo wa vyuo na ajira kwa vijana, akanikata.

"Umeacha?"

"Nimeacha, Mama."

"Lini?"

Nikamwambia. Mkono wake uliendelea kuchagua kidogo, halafu ukatulia. Nilingoja kilio, au maneno makali, au msamaha. Nikiri kwamba msamaha niliutaka, tena ule wa kufuta mara moja, hasi kwa hasi, tuendelee na jioni yetu. Hakunipa. Aliingia ndani akatoka na daftari lake la hesabu, akalifungua ukurasa wa mwisho, akanipa kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Pesa. Kila muhula. Ilivyoingia, ilivyotoka, mpaka hapo ulipoacha."

Ilinichukua mpaka taa ikawashwa. Niliandika karo, chakula, kodi ya chumba. Niliandika ile simu niliyosema imeibiwa. Niliandika muhula ambao wiki sita sikuingia darasani na pesa zikaendelea kuja. Insha nimeandika nyingi usiku kucha, sijawahi kuandika kitu polepole vile.

Alivaa miwani akasoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kwenye ile simu kidole kilisimama, kisha kikaendelea. Alipofika chini alirudi juu, akaanza tena. Halafu akainua kalamu nyekundu, ile aliyoinunua ya kujisahihishia.

"Hapa umekosea," alisema. "Muhula wa pili, mwaka wa pili, nilituma elfu kumi na mbili. Wewe umeandika kumi."

Akasahihisha, akapiga mstari chini ya jumla yangu, akaanza kujumlisha upya kutoka juu.